Kusikiliza redio haramia za masafa mafupi ukiwa Uganda: mwongozo kamili

Nyuma ya kituo haramia cha masafa mafupi kwa kawaida yuko mtu mmoja au wawili, mtambo uliotengenezwa nyumbani, waya uliotundikwa mtini na muziki anaoupenda mwenyewe. Leseni hana. Nguvu zake mara nyingi ni wati 10 hadi 100, na wachache hufika mia kadhaa, ilhali vituo vikubwa vya kimataifa hurusha kwa kilowati 100 na zaidi. Kutoka Uholanzi hadi Kampala ni kilomita 6,300 hivi. Kumpata mtu wa wati 50 kwa umbali huo kunawezekana, na si lazima uwe na redio ya bei kubwa. Unachohitaji ni mahali penye utulivu wa umeme na kujua saa ya kukaa macho. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia maneno mengi kwenye kelele, waya na saa, na machache kwenye redio yenyewe.

Nani hasa unayemtafuta

Kundi la kwanza ni la Ulaya: Uholanzi, Uingereza, Ireland, Ujerumani, Italia. Hukaa kati ya 6200 na 6400 kHz, wakitumia AM, njia ya kawaida ya vituo vya masafa mafupi. Walichagua hapo kwa sababu bendi rasmi ya mita 49 huishia 6200, hivyo nafasi inapatikana palepale juu ya vituo vikubwa. Kwa mgawanyo wa kimataifa eneo hilo ni la vyombo vya majini, kwa hiyo utakutana pia na milio ya data ya meli. Wengine hujificha karibu na 5800 au 3900 kHz, lakini anza na 6200 hadi 6400.

Kundi la pili ni la Marekani Kaskazini. Kitovu chake ni 6925 kHz, na wanatawanyika kuanzia 6800 hadi 6990. Wengi hutumia USB (hapa si ya kebo ya kompyuta, ni njia ya kurusha upande wa juu tu wa wimbi), wengine AM. Kutoka pwani yao ya mashariki hadi Uganda ni zaidi ya kilomita 11,000, kwa hiyo hawa ni wa kuwinda baada ya kuwazoea wale wa Ulaya.

Usichanganye maharamia na majirani wao. Vituo vya kisiasa vinavyolenga Eritrea, Ethiopia au Sudan husikika kwetu kwa nguvu kwa sababu hukodi mitambo mikubwa. Mlio unaorudia bila kukoma kwenye 4625 kHz unatoka Urusi, si wa mpenda muziki. Channel 292 ya Ujerumani kwenye 6070 kHz ina leseni, ingawa hukodisha muda kwa watu wenye roho ileile ya uharamia. Nayo WBCQ ya Maine, Marekani, inayojulikana kwa 7490 kHz, ina leseni, japo asili yake inarudi kwa watu waliokuwa na Radio Newyork International, iliyorusha kutoka melini mwaka 1987.

Kuhusu sheria: hapa Uganda kurusha matangazo bila leseni ya Tume ya Mawasiliano, UCC, ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 2013. Mwongozo huu ni wa kusikiliza tu. Sikiliza kilichorushwa kwa kila mtu. Mawasiliano ya polisi, jeshi au watu binafsi yapite, usiyarekodi wala kuyasambaza, kwani kuna sheria ya 2010 inayohusu kunasa mawasiliano. Tena, kabla ya kusimamisha nguzo yenye waya mrefu, pita kwa mwenyekiti wa LC1 umweleze kuwa ni antena ya kupokea. Mazungumzo ya dakika tano yanazuia uvumi wa mwezi mzima.

Redio

Redio za sokoni zilizoandikwa SW1 na SW2, zenye sindano na kitasa, hazitafaa. Sindano haitakwambia kama uko 6200 au 6300, na redio hizo hazina SSB (upokeaji wa upande mmoja wa wimbi, ambao USB ni aina yake mojawapo), ambayo ndiyo chombo chako kikuu cha kuwindia hata kwa vituo vya AM. Tafuta redio inayoonyesha masafa kwa tarakimu, inayosogea kwa 1 kHz au chini ya hapo, yenye SSB, yenye upana wa kuchuja unaobadilishika, na yenye tundu la antena ya nje.

Tecsun PL-330 na XHDATA D-808 zinatimiza yote hayo. PL-330 ina faida moja kubwa kwetu: hutumia betri ya BL-5C, ileile ya simu za vitufe, ambayo hukosi kwenye vibanda vya simu kuanzia Kampala hadi Arua. D-808 hutumia betri ya 18650. Hakikisha unanunua ya kweli, maana nyingi za bei rahisi zimeandikwa uwezo zisiokuwa nao. Ukiuziwa redio iliyotumika, iwashe kwenye SSB, iache dakika kumi kwenye kituo kimoja usikie kama sauti inahama, kisha tikisa plagi kwenye tundu la antena. Tundu lililolegea ndilo ugonjwa wa kawaida wa redio hizi.

Kijiti cha RTL-SDR, yaani kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, kinakuonyesha bendi nzima kwa picha, jambo zuri sana. Ila kompyuta na chaja yake huleta kelele zao. Kiwe cha pili, si cha kwanza.

Kelele: hapa ndipo wengi wanaposhindwa

Mtu akinunua redio nzuri, akaiwasha sebuleni, akasikia mvumo tu kuanzia 3000 hadi 10000 kHz, huamini redio ni mbovu. Redio ni nzima. Inasikia nyumba.

Fanya uchunguzi huu siku moja kabla ya kununua hata mita moja ya waya:

1. Tumia redio kwa betri yake, bila chaja. Weka 6250 kHz, AM, antena ya kuvuta imefunguliwa yote. Andika kiwango cha mawimbi kinachoonekana kwenye kioo.
2. Zima swichi kuu ya nyumba, si taa moja moja. Andika tena. Kiwango kikishuka sana, adui yuko ndani. Kikibaki vilevile, adui yuko kwa jirani au kwenye nyaya za barabarani.
3. Washa swichi kuu, kisha chomoa kifaa kimoja kimoja ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi: king'amuzi kilicholala bado kina usambazaji wake wa umeme unaofanya kazi na kupiga kelele.
4. Funga antena ya kuvuta, tembea na redio ukiisogeza karibu na kila kifaa kwa umbali wa sentimita 20. Chenye kosa kitanguruma.

Washukiwa wa kawaida kwa mpangilio wa ubaya: inveta za sola, taa za LED za bei ya chini, chaja za simu zisizo na jina, ving'amuzi, chaja za pikipiki za umeme, na nyaya za uzio wa umeme. Uzio unajulikana haraka: hupiga tik, tik, mara moja kila sekunde. Vidhibiti vya chaji vya sola navyo hulia, lakini usiku paneli ikiwa imelala baadhi hunyamaza, kwa hiyo vijaribu baada ya giza kabla ya kuvilaumu.

Tiba ni za kawaida. Badilisha balbu ya LED kwa ya aina nyingine, ukizijaribu moja baada ya nyingine kwa redio dukani ikiwa muuzaji atakubali. Chomoa chaja isiyo na simu. Kwa jirani, zungumza kwa adabu. Mpelekee redio asikie mwenyewe taa yake inavyolia, kisha jitolee kumnunulia balbu nyingine. Ni nafuu kuliko antena yoyote.

Umeme ukikatika mtaa mzima, acha unachofanya na ukimbilie redio. Saa mbili za giza la mtaa zinaweza kukupa vituo ambavyo mwezi mzima wa umeme haukukupa. Tayarisha betri iliyojaa kwa ajili ya usiku huo, kwa sababu hautangazwi.

Antena

Kwa mwenye uwanja, tunapendekeza waya wa umbo la herufi L iliyopinduliwa: sehemu inapanda wima, iliyobaki inakwenda mlalo. Sehemu ya wima husaidia kupokea mawimbi yanayokuja kwa pembe ya chini, na ya mbali huja hivyo. Utahitaji:

- waya wa shaba wa umeme wa nyumba, 1.5 mm², wenye ngozi yake, mita 22
- kebo ya antena ya televisheni, RG-6, mita 15 hadi 20
- nguzo ya mkaratusi ya mita 8, na mti au nguzo nyingine umbali wa mita 15
- fimbo ya ethi (ya kuchomeka ardhini) ya mita 1.2
- pete ya feraiti ya FT140-43, au kipande kinene cha feraiti kilichotolewa kwenye waya wa monita ya zamani
- waya wa shaba wenye vanishi wa 0.5 mm, mita 1.5, mafundi wanaofunga mota upya wanao
- kisanduku cha plastiki chenye kifuniko, vipande viwili vya bomba la PVC, kamba ya nailoni, chupa ya maji ya lita 1.5

Anza na transfoma. Pitisha waya wa vanishi ndani ya feraiti mara 9, acha ncha mbili. Halafu, kwa waya mwingine usiogusana na huo, pitisha mara 3. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja. Kwangua vanishi kwenye ncha zote nne hadi shaba ing'ae, la sivyo risasi ya kulehemu haitashika. Mizunguko 9: ncha moja kwa waya wa antena, nyingine kwa fimbo ya ethi. Mizunguko 3: ncha moja kwa waya wa kati wa kebo, nyingine kwa wavu wake wa nje. Usiunganishe wavu wa kebo na ethi. Mizunguko imetenganishwa makusudi: kelele za nyumbani hupanda juu ya wavu wa kebo kama ngazi, na transfoma ya namna hii inaikata hiyo ngazi.

Hapa kuna mtego. Wavu wa RG-6 nyingi ni wa alumini, na alumini haishiki risasi ya kawaida. Utalehemu, itaonekana imeshika, na baada ya wiki mbili itaachia. Tumia plagi ya F ya kufunga kwa kuzungusha pamoja na soketi yake kisandukuni, au kifungio cha skrubu. Upande wa redio, kata waya wa sauti wenye plagi ya 3.5 mm na uunge kwa kifungio cha skrubu: ncha ya plagi kwa waya wa kati, mwili wa plagi kwa wavu.

Chimbia nguzo mita 1, zibaki mita 7 juu. Funga kisanduku chini ya nguzo, nusu mita kutoka ardhini. Pandisha waya mita 6.5 hadi kileleni, upitishe kwenye tundu la kipande cha PVC, kisha uende mlalo mita 13 hadi kwenye mti. Mita mbili na nusu zilizobaki ni za mafundo na makosa. Upande wa mti usifunge moja kwa moja: pitisha kamba ya nailoni juu ya tawi na kuning'iniza chupa iliyojaa maji. Mti ukiyumba kwa upepo, chupa inapanda na kushuka, waya haukatiki. Waya uliofungwa kwa nguvu mtini hukatika kwenye dhoruba ya kwanza ya Machi.

Epuka kupita juu ya mabati kwa chini ya mita 2, na kamwe usiende sambamba na nyaya za umeme wala kupita juu au chini yake. Waya ukianguka juu ya laini ya umeme, unaua.

Fimbo ya ethi iweke panapokuwa na unyevu daima: nyuma ya bafu, au maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Udongo mwekundu mkavu wa Januari haushiki umeme vizuri, na antena nzima huzubaa. Isiungane na ethi ya umeme wa nyumba.

Kebo ilaze kwenye mtaro wa sentimita 15 hadi nyumbani. Maungio ya nje yafunge kwa utepe wa umeme, kisha juu yake mkanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, ukivutwa sana. Maji yakiingia ndani ya RG-6 hutembea mita kadhaa ndani ya kebo, na kukausha haiwezekani. Ni kununua nyingine.

Baada ya kuunga, ukisikia vituo vikubwa vimejirudia kila mahali, au muziki wa FM unatokea katikati ya masafa mafupi, redio imelemewa. Kampala karibu na minara ya Kololo hili ni la kawaida. Weka swichi ya redio kwenye LOCAL, kama ipo, au punguza waya wa mlalo hadi mita 6. Kwa RTL-SDR, nunua kichujio cha kuzuia FM.

Anayeishi ghorofani bila uwanja atumie antena ya mduara yenye kikuza mawimbi, kama MLA-30+, nje ya dirisha, umbali wa mita 1 kutoka ukutani kwa fimbo ya PVC. Izungushe polepole hadi kelele zishuke. Mara nyingi utaona pembe moja ambayo kelele hupungua ghafla. Ipe umeme wa pawabenki, si wa chaja ya ukutani. Baadhi ya pawabenki nazo hulia, kwa hiyo jaribu mbili tatu.

Radi

Uganda ni miongoni mwa nchi zinazopigwa sana na radi. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Waya wa mita 20 juu ya nguzo si wa kuchezea. Kanuni ni hizi: ukimaliza kusikiliza, chomoa kebo kwenye redio kila mara, hata kama anga ni safi, na uiache nje ya dirisha ndani ya chupa ya plastiki, si chini ya meza. Ukisikia ngurumo kwa mbali, usianze kusikiliza, umeshachelewa. Usiguse kebo hiyo tena hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachokinga dhidi ya radi iliyopiga waya moja kwa moja.

Saa na msimu

Wapenzi wote wa masafa mafupi duniani huandika saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Sisi tuko mbele kwa saa tatu, na saa ya Kiswahili inaanzia alfajiri, kwa hiyo kuna njia ya mkato: toa 3 kwenye UTC, na ikizidi 12 toa 12, ikiwa chini ya 1 ongeza 12. UTC 18:00 ni saa tatu usiku. UTC 20:00 ni saa tano usiku. UTC 02:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Bandika hesabu hiyo nyuma ya redio.

Mchana usijisumbue. Jua letu liko juu ya utosi na tabaka la chini la anga hunyonya mawimbi ya 6 MHz kabla hayajafika popote. Njia kutoka Ulaya hufunguka pale giza linapotanda huku na kule. Desemba, jua la Uholanzi huzama UTC 15:30 hivi, la kwetu muda mfupi baadaye, hivyo kuanzia saa moja jioni njia yote ni giza. Juni, Uholanzi huingia gizani UTC 20:00 hivi, yaani saa tano usiku kwetu, na maharamia wengi hawana muda mrefu wa kubaki hewani baada ya hapo.

Kisha kuna mikwaruzo ya radi za mbali. Bonde la Kongo, upande wetu wa magharibi, lina radi nyingi kuliko karibu pote duniani, na Ziwa Victoria hutoa dhoruba zake usiku wa manane kuelekea alfajiri. Miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba utasikia mpasuko usiokoma. Desemba hadi Februari mambo mawili yanakutana: usiku mrefu wa Ulaya, na ukavu katika sehemu kubwa ya Uganda. Kama una nguvu za msimu mmoja tu kwa mwaka, zitumie hapo.

Siku: Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku. Maharamia wana kazi zao za wiki. Sikukuu huwatoa kwa wingi: Krismasi, mwaka mpya na Pasaka kwa Ulaya, kwa Wamarekani ongeza 31 Oktoba na 4 Julai.

Wamarekani wana dirisha lao, na ni zuri kwa anayeamka mapema. Kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Desemba na Januari, kwao ni saa 21:00 hadi 22:30 usiku pwani ya mashariki, muda wao hasa wa kurusha. Huku jua liko karibu kuchomoza, na dakika za mwisho kabla ya mapambazuko mawimbi ya mbali hupanda ghafla, kisha hufa ndani ya robo saa. Ijumaa usiku yao ni Jumamosi alfajiri yetu. Wengi hukosea siku hapo.

Usiku wa kwanza

1. Chagua Jumamosi ya Desemba au Januari. Saa mbili usiku, chomoa kila kitu, unga antena, vaa visikizio vya masikioni.
2. Pima njia. Weka 5505 kHz, USB. Hiyo ni Shannon, Ireland, inayosoma hali ya hewa ya viwanja vya ndege. Ikisikika, Ulaya Magharibi imefunguka. Isiposikika kabisa baada ya nusu saa, jaribu saa nne.
3. Hakikisha namba za redio yako ni sahihi. Kwenye 9996 au 4996 kHz kuna ishara ya saa ya RWM, Moscow. Ukiwa USB kwenye 4995, unapaswa kuusikia mlio wake kama filimbi ya 1 kHz.
4. Nenda 6200, ukiwa bado USB, upana wa kuchuja 2.3 au 3 kHz. Panda kHz 1 kila baada ya sekunde tatu hadi 6400. Usisikilize muziki, sikiliza mluzi. Kila mtambo wa AM hutoa mluzi kwenye SSB hata pale ambapo sauti yake haitoshi kusikika kwa AM.
5. Kila mluzi uandike. Rudi kwa kila mmoja, usogeze redio taratibu hadi mluzi uzame na kutoweka. Hapo umekaa juu ya kituo kabisa, na muziki, kama upo, utajitokeza ndani ya SSB ukiwa safi kuliko kwa AM. Usishangae ukiukuta 6204.8; mitambo ya nyumbani haikai kwenye namba kamili.
6. Kaa hapo dakika 20. Sauti hupanda na kushuka, na kilele kinaweza kudumu dakika mbili tu. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuhama baada ya sekunde kumi.
7. Alfajiri, kwa Wamarekani, rudia kuanzia 6925 USB. Kipimo chako ni 6604 kHz USB, Gander ya Canada, nayo husoma hali ya hewa ya viwanja vya ndege, dakika ya 20 na ya 50 ya kila saa.

Mluzi usio na muziki unaweza kuwa haramia anayejaribu mtambo kabla ya kipindi, au kelele ya nyumba. Chomoa antena: ukibaki palepale, ni wa kwako.

Kwa mazoezi ya sikio tumia WebSDR, redio ya mtandaoni unayoiendesha mwenyewe, ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kupitia intaneti. Ukikuta pale kituo kwenye 6290, rudi kwenye redio yako na ukitafute hapohapo. Unajua kipo, kilichobaki ni kukisikia. Ila simu ikiwa na intaneti iweke mbali na redio, na unachokisikia kwa Twente kisiandikwe kuwa umekisikia Uganda.

Kumtambua na kumwandikia

Haramia hutaja jina la kituo mara chache, mara nyingi mwanzoni, mwishoni na kati ya nyimbo. Rekodi yote. Kinasa sauti cha simu mbele ya spika kinatosha. Programu ya kutambua nyimbo inasaidia sana, kwa sababu orodha ya nyimbo na dakika zake ndiyo ushahidi mzito kuliko wote kwamba ulimsikia. Laser Hot Hits ni jina utakalokutana nalo upande wa Ulaya. Upande wa Marekani, Wolverine Radio hujulikana kwa kurusha picha mwishoni mwa kipindi, zikisikika kama filimbi zinazochezacheza. Fungua programu ya Robot36 kwenye simu ya Android, iweke karibu na spika, na picha itajichora mstari kwa mstari. Chumba kiwe kimya. Mtu akikohoa, picha hupata mkwaruzo.

Vituo vingi hutaja anwani ya barua pepe. Ripoti kutoka Uganda ni adimu, na wanaithamini kweli, kwa hiyo iandike vizuri: tarehe na saa za UTC, masafa, njia ya urushaji (AM au USB), redio na antena, mahali kwa ujumla (Kampala na Entebbe ziko kwenye mraba wa KJ60 wa ramani ya wapenda redio), kisha SINPO, tarakimu tano kati ya 1 na 5 kwa nguvu, muingiliano, kelele, kupanda na kushuka, na ubora wa jumla. Mfano: 6295 kHz, AM, 20:12 hadi 20:40 UTC, SINPO 24322. Toa 2 pale inapostahili 2. Mwenye mtambo anataka kujua ukweli kuhusu antena yake, si kubembelezwa. Ongeza nyimbo tatu au nne na dakika zake, maneno uliyoyashika, na kipande cha sauti cha sekunde 30.

Angalia tarehe. UTC hubadilisha siku saa tisa usiku wetu. Ulichosikia saa saba usiku wa kuamkia Jumapili bado ni Jumamosi kwa UTC, na ripoti yenye tarehe isiyolingana na kumbukumbu zake hutupwa.

Usitume pesa, na usichapishe popote makisio yako kuhusu mtambo wake uko wapi. Huko kwao faini ni kubwa. Cheti cha kuthibitisha usikivu kikija, huja kama picha kwa barua pepe, wakati mwingine siku ileile, wakati mwingine baada ya miezi. Wiki sita zikipita kimya, tuma ripoti ileile mara moja zaidi na sauti ikiwa ndani ya barua, kwani viungo vya kupakulia huisha muda kabla mwenye kituo hajavifungua.